Diego Garcia: Uingereza inafaidi nini?

Mwalimu_Kondele: Wadau, wanafunzi wamenibana. Mei 2025 Uingereza ilitia saini kuirudishia Mauritius visiwa vya Chagos katika Bahari ya Hindi, kisha ikodi kimoja chao, Diego Garcia, chenye kambi ya kijeshi, miaka 99. Lakini wanaojaa pale ni wanajeshi wa Marekani! Faida yake nini?

MzeeWaDunga: Mwalimu, ni kodi ya urafiki. Mwaka 1966 Marekani haikulipa kodi ya kisiwa; kimyakimya ilisamehe Uingereza dola milioni 14 kwenye bei ya Polaris, makombora ya nyuklia ya manowari iliyokuwa ikiyanunua Marekani. Ndege za Marekani za kudondosha mabomu, B-52, ziliruka hapo kwenda kupiga Iraq 1991, Afghanistan 2001. Mwenye kiwanja kama hicho hapuuzwi.

NyarKisumo: Na wenyeji wa Chagos waliofukuzwa hadi 1973, mbwa wao wakauawa? Urafiki wa nani huo?

Mwalimu_Kondele: Hiyo ya Polaris naipeleka darasani kesho.