Chungu kipya kinatoa unyevu nje, nikirudishe au kuna namna?

mama_wawili
Habari zenu wadau. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na vyungu vya udongo, hivi vya kawaida vya kufinyangwa. Nimechukua viwili kwa wale wanaouza na vyungu vya maua barabarani, kikubwa cha kupikia maharage na kisamvu, kidogo cha mchuzi. Sasa kile kikubwa nilijaza maji tu nikisuuze, baada ya muda kikaanza kulowa kwa nje, sio kwamba kinatiririka ila ukishika mkono unaloa na chini kinaacha duara la maji mezani, afu maji yenyewe yananukia udongo. Kidogo hakitoi hata tone, kinang'aa vizuri ndani na nje, rangi kama maruni. Sasa je kikubwa ni kibovu nikirudishe? Na napikia gesi, jiko la mkaa ninalo ila niko ghorofa ya tatu na mwenye nyumba hataki kusikia moshi. Mama mkwe anasema nikipake mafuta ya nazi kwanza, jirani anasema nikipaka mafuta nimekiharibu. Na sabuni je? Asanteni sana.

tangamano_tz
Kikubwa ndo kizima. Hicho kidogo ndo ungekitilia shaka.

mama_wawili
Heee, tena? Fafanua basi ndugu yangu usiniache hewani

mjukuu_wa_mfinyanzi
Ngoja nimsaidie hapo juu maana kasema kweli ila kasema kama mganga.

Mi kwetu ni Kyela, bibi yangu alikuwa anafinyanga. Wanaojua vyungu vya Wakisi wananielewa, vile vinavyotengenezwa Ikombe kule ziwa Nyasa vinaletwa na mitumbwi mpaka Lyulilo pale jirani na Matema, soko lake Jumamosi. Kazi ya wanawake ile. Hawatumii tanuri, vyungu vinapangwa chini vinafunikwa kuni na nyasi vinachomwa palepale nje. Moto wa namna hiyo unafika labda nyuzi 600 hadi 900 hivi, udongo unakuwa mgumu haurudi tena kuwa tope lakini hauyeyuki ukashikana kama kikombe cha chai cha dukani. Kwa hiyo ukuta wa chungu una vitundu vidogo sana kila mahali na maji yanapita taratibu mpaka nje. Hiyo sio kasoro, mtungi wa maji unapooza kwa sababu hiyohiyo, maji yanatokeza nje yanakauka yanaondoka na joto. Na kwa kupikia vile vitundu ndo vinakisaidia chungu kuvumilia moto, kikipanuka kwa joto kina pa kuhemea. Udongo uliochomwa ukawa mgumu kama vigae vya bafuni ukiuweka kwenye mafiga unapasuka.

Sasa unachotakiwa ni kuviziba vile vitundu kwa ndani, na dawa yake ni wanga. Loweka chungu chote kwenye ndoo au beseni usiku kucha, utaona kinatoa mapovu kikiwa kinakunywa maji, muda wa kutosha ni mpaka mapovu yaishe. Asubuhi kitoe, tia uji mwepesi wa mahindi au wa muhogo au hata maji uliyooshea mchele mradi yawe mazito, jaza robo tatu, weka moto mdogo sana uanze kupata joto polepole, ukichemka uache utokote saa moja au mbili. Wanga ukipata joto unavimba unakuwa kama gundi unaingia kwenye vitundu unakaa humohumo. Zima moto, kiache kipoe na uji wake ndani, usimwage ukiwa wa moto. Kikishapoa mwaga, suuza maji ya uvuguvugu, anika. Kama bado kinatoka jasho rudia, na mara nyingi ukishapika maharage mara kadhaa kinaziba chenyewe. Harufu ya udongo nayo inaisha hapo.

Kuhusu hicho kidogo. Vyungu vya kupikia vinaweza kung'aa, wafinyanzi wanasugua kwa kokoto laini kabla havijachomwa na vingine wanapaka udongo mwekundu. Lakini mng'ao huo ukidondoshea tone la maji, tone linanywewa taratibu na pale panakuwa peusi kidogo. Tone likikaa juu kama kwenye gari lililopigwa polishi basi hiyo ni vanishi au rangi ya mafuta, na kama ulikinunua kwa watu wa maua uwezekano ni mkubwa. Hicho ni cha kuwekea maua. Usikipikie, ile rangi itaungua itaingia kwenye mchuzi na hujui wameweka nini.

tangamano_tz
Ndo nilichotaka kusema 😂 mzee umemaliza

bi_mkungu_unguja
Asalaam alaykum. Yaliyosemwa na huyo kaka wa Kyela ni sawa, mimi nitasema ya mafuta maana hapo naona mama mkwe wako anaonewa. Sisi vyungu vipya tunachemshia machicha ya nazi na maji yake, yaani ukishakamua tui yale machicha usitupe, yatie chunguni na maji uyachemshe kwa moto wa makaa machache. Mafuta ya nazi yaliyobaki mle yanaingia udongoni pamoja na huo utomvu wake. Ama kupaka mafuta makavu kwenye chungu kikavu kisha ukakiweka kabatini, hapo jirani yako kasema kweli, mafuta yatakaa yatavunda na kila utakachopika kitanukia mafuta mabovu na harufu hiyo haitoki kirahisi. Mafuta yanataka moto, na chungu kitumiwe, kisikae. Basi wote wawili wana haki yao.

Sabuni usitie bibie. Inaingia kwenye vitundu hivyohivyo, kesho mchuzi wako una povu. Chungu huoshwa kwa maji moto na makumbi ya nazi, kukiwa na ukoko loweka kwanza, na kukiwa na mafuta mengi sugua kwa jivu la kuni lililochekechwa, linakata mafuta vizuri sana. Usitumie ile steelwool, utakwangua ule utando mwema wa ndani.

Na chungu cha samaki kiwe cha samaki. Nimeona watu wanapika pweza leo kesho wanapika maziwa humohumo kisha wanalaumu udongo.

otieno_wa_ziwani
Habari kutoka Kisumu. Hapo kwa kutenganisha nakubali kabisa, kwetu kuna chungu cha samaki na kuna chungu cha mboga, hata nyama ina yake. Chungu cha mboga ndio mambo yote. Mboga za kienyeji kama osuga (mnavu) na dek (mgagani) zinapikwa, zinatiwa maziwa, zinaachwa mlemle kwa chungu, asubuhi unachemsha tena jioni unachemsha tena unaongeza maziwa, siku ya pili siku ya tatu ndio ule uchungu unaisha na inakuwa tamu, kwa sufuria haiwezi toka hivyo hata ukae hapo wiki. Maziwa pia yanaziba chungu vizuri, wale hawataki uji wajaribu maziwa.

bi_mkungu_unguja
@otieno maziwa naam, lakini hiyo ya kulaza chakula chunguni mimi kwa mchuzi wa nazi siwezi kumshauri mtu na joto hili la pwani. Tui likilala linachacha, na chungu kinanywa ule uchachu. Nyie mnachemsha asubuhi na jioni, huyu mama anafanya kazi atachemsha saa ngapi?

otieno_wa_ziwani
Hapo sawa mama, nazi ni hadithi ingine. Usipochemsha mara mbili kwa siku hata mboga zetu zinaharibika.

gesi_na_mkaa
Wakuu mmesahau swali la gesi na ndo lenye kesi. Mi napikia chungu kwenye gesi mwaka wa ngapi huu sijui, kinakubali ila kwa masharti. Tatizo la gesi moto wake unapiga pale katikati tu chini, pembeni pabaridi, sasa chini panapanuka pembeni hapajapanuka ndo unasikia tah! kimeachia mstari. Mkaa hauna shida hiyo maana unakumbatia kitako chote. Solusheni weka chuma kati ya moto na chungu, mi natumia kile kikaango cha chuma cha chapati, kile kizito sio cha kutoshika chini, nakilaza kwenye jiko dogo (lile la kona, sio la katikati lenye moto kama wa welding) chungu kinakaa juu yake. Unawasha moto wa chini kabisa dakika kumi, kumi na tano hivi, afu ndo unapandisha kidogo, ukifika kati usizidishe. Kama jiko lako ni la kioo juu usifanye hii, joto linarudi chini kioo kinaweza kupasuka, tumia la bati la kawaida. Na zile induction, majiko ya umeme yanayopasha kwa sumaku, ndo kabisa hazioni chungu.

Mengine: usikiweke motoni kitupu ukasema unapasha mafuta ya kukaangia, kitunguu kaanga kwa sufuria pembeni au anza vyote pamoja na maji. Ukitaka kuongeza maji katikati ya mapishi yawe ya moto. Ukiipua usikiweke kwenye sakafu ya vigae au sinki lenye maji, weka ngata ya kitambaa au kibao. Na ipua mapema kidogo maana kinaendelea kutokota chenyewe hata nje ya moto, maharage yangu nazima yakiwa bado kidooogo yanamalizikia juu ya ngata.

mama_wawili
Jamani mbarikiwe. Nimefanya lile la tone, kidogo tone limekaa juu linateleza kama mlivyosema, kwa hiyo kinaenda kuwa cha mpilipili dirishani. Kikubwa nimekiloweka kweli kinatoa mapovu kama soda. Swali lingine, dada yangu chungu chake cha zamani kina unga mweupe kwa nje, anasema ni kuvu anataka akitupe. Na mkungu, kile kifuniko chake cha udongo, nao unalowekwa au?

mjukuu_wa_mfinyanzi
Mwambie apanguse kwa kitambaa chenye maji. Kama unga unatoka wote na hauna harufu, afu unarudi baada ya kupika tena, hiyo ni chumvi ya chakula na ya maji inapita ukutani maji yanakauka yenyewe inabaki. Haina neno. Kuvu ina manyoya na inanuka uvundo, mara nyingi inaota ndani kwa sababu chungu kimefunikwa kikiwa bado kibichi. Dawa yake asugue, achemshe maji yenye magadi kidogo, amwage, achemshe maji matupu, kisha jua kali siku mbili mdomo wazi. Ikibaki harufu hata baada ya hapo ndo atupe. Na asikihifadhi kwa kukifunika, aweke gazeti ndani mkungu ukae pembeni.

Mkungu ndio unalowekwa kama chungu, ila hauhitaji uji. Ukitaka kupalia makaa juu kwa ajili ya wali uwe umeloa kidogo na makaa yaanze machache.

tangamano_tz
Na ukienda kununua kingine kigonge kwa kifundo cha kidole kikiwa kikavu. Kikilia ngiii chukua. Kikisema bwe kina ufa hata kama huuoni, mwachie mwenyewe

mama_wawili
Sawa 😂 na muuzaji akikataa nisigonge?

tangamano_tz
Nenda kwa mwingine