Nimeweka piezo kwenye gitaa la besi, nikiichanganya na pikapu za kawaida saundi inazibwa. Nakosea wapi?

mtu_wa_ngamiani
Wakuu habari za jioni. Napiga besi kwenye kikundi cha taarabu hapa Tanga, besi lenyewe kopi tu ya Jazz Bass, pikapu mbili za sumaku za kunasa nyuzi, voliumu mbili na toni, halina betri. Sasa bosi anataka ile saundi ya besi kubwa la mti la kupiga umesimama, hatuna, na hata tungekuwa nalo kulipakia kwenye Noah kila Jumamosi ni kesi nyingine. Nikaona watu wanafunga piezo, kile kinachonasa mtetemo wa mbao, kwenye besi la umeme ili lipate ladha ya mti, nikaenda kwa fundi redio akanipa kile kisahani cha shaba cha kwenye kengele, milimita 27, nikakibandika na supa gluu ndani ya shimo la voliumu, waya nikaunga moja kwa moja kwenye jeki pamoja na pikapu za zamani.

Piezo peke yake kwenye mikisa inatoka nyembamba kama redio ya simu, halafu nikigusa bodi kwa kucha inasikika kuliko nyuzi. Nikirudisha pikapu zote pamoja, pikapu zinakuwa kama mtu kazifunika mto na piezo inabaki tk tk tk tu. Fundi kasema piezo bovu, nimeweka la pili, vilevile. Jumamosi tuna harusi Chumbageni, msaada jamani.

besi_nzito
Kaka hapo tatizo huna pri-ampu, ile ampu ndogo ya kutangulia. Piezo inataka mlango wenye ukinzani wa mega 10, yaani omu milioni 10, la sivyo besi utaisikia kwa jirani. Achana na visahani vya kengele, agiza vile vitandiko vya nyuzi vya kwenye daraja vyenye piezo ndani, Graph Tech wanatengeneza, kila uzi na chake. Bei ndo utakaa chini kidogo.

fundi_solda
Piezo lako zima, umeonewa bure. Ngoja nikwambie kinachotokea humo ndani maana wengi wanakwama hapo hapo.

Kile kisahani kwa umeme ni kapasita. Cha milimita 27 kinakuwa na kama nanofaradi 20. Sasa fungua besi lako utazame kapasita ya kwenye toni, ile inayokata sauti kali, utakuta imeandikwa 473 au 223, na hiyo 223 maana yake nanofaradi 22. Umeiona? Yaani umezifungia pikapu zako toni ya pili, imefungwa mpaka mwisho na haina kitasa cha kuifungulia. Ndo huo mto wako. Na piezo nayo inaonewa, pikapu ni koili yenye K 7 au 8 hivi, yaani omu elfu 7 au 8, sauti nene zote za piezo zinamezwa na koili inabaki ile ncha ya kidole kugonga uzi. Tk tk.

Ile nyembamba ya mikisa ni hadithi hiyo hiyo. Tundu la laini kwenye mikisa nyingi ni K 10 hivi, kwa kisahani chako linaanza kukata kuanzia hetsi 800 kushuka chini, na E ya wazi kwenye besi ni hetsi 41, utaisikiaje?

Mega 10 ya mwenzangu ni kweli ila kwa vile vitandiko, vile vina pikofaradi mia kadhaa tu kwa hiyo hata mega 1 inawala besi. Kisahani kikubwa mega 1 kinakutosha kabisa, kinashuka mpaka hetsi 8. Usitumie hela ambayo hujaombwa.

Dawa ni kila mmoja awe na bafa yake, yaani ampu ndogo ya kumtenga na mwenzake, ndo wakutane. Tafuta mikisa iliyokufa, humo mara nyingi hukosi TL072, ic ya miguu minane, ndani yake kuna ampu mbili, moja mpe piezo na rizista ya mega 1 kwenye mlango, nyingine wape pikapu, toka kila upande pitisha rizista ya K 10 ndo uchanganye. Betri volti 9, hasi yake ipitishe kwenye jeki ya stirio ili ukichomoa waya betri inazima yenyewe, watu wanasahau hii halafu wanalaumu betri za dukani.

Kwa Jumamosi usijenge chochote. Toboa jeki ya pili, piezo itoke peke yake iingie kwenye tundu la gitaa la mikisa, lile lenye kibonye, au DI, kile kisanduku cha kuunganishia gitaa na mikisa, yenye mega 1, mchanganye huko huko.

mzee_wa_udi
Mwanangu mimi nakupa ya bei rahisi. Gitaa la bodi ngumu halina tumbo, hata uweke piezo kumi hewa ya lile besi la mti haimo. Nusu ya ile saundi ni kufa mapema, noti inasema dumm inanyamaza. Funga nyuzi laini za flati, kata kipande cha sponji ukisukumize chini ya nyuzi karibu na daraja, piga kwa dole gumba. Piezo iwe chumvi tu. Na huu ni mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu, besi la umeme kwenye taarabu sisi si wageni, mwambie bosi wako asituletee makuu.

mtu_wa_ngamiani
Shikamoo mzee, sponji nimeweka sasa hivi, nimecheka peke yangu. Fundi, ile kelele ya kucha je?

fundi_solda
Kitoe kwenye shimo la voliumu, pale kinasikiliza vitasa na waya kuliko nyuzi. Kipeleke chini ya daraja, chimba kidogo kikae sawa na mbao, shaba juu iguse daraja kwa sababu zote ni erthi, upande mweupe uangalie chini na uubandike tepu. Halafu lile donge la risasi ya kusoldea lichimbie kijishimo chake, ukikaza daraja bila hivyo kisahani kinapasuka, nimepasua vitatu. Na waya wa erthi wa daraja usiukate, besi zima litavuma. Ukisolda gusa na uachie, joto likizidi kinakufa.

mtu_wa_ngamiani
Mrejesho. Harusi imeisha salama, jeki mbili, piezo kidogo sana, sponji. Bosi kasikiliza nyimbo mbili akaja kuniuliza nimenunua besi jipya lini. Kisahani kimoja nilipasua, cha pili ndo kimekaa. Mikisa mbovu nimeipata Makorora, ina TL072 nne, nichomoe zote au moja?

fundi_solda
Zote. Ya kwanza utaichoma.