Mjadala: Milima iliyokatwa miti Mwanza, tuimwagie bakteria au tuipumzishe?

Mleta mada, Nyamagana

Wakuu, habari zenu.

Vuli inakaribia. Mvua ikipiga saa moja tu, Mto Mirongo unajaa tope na tope lote linaishia ziwani. Milimani makorongo yanazidi kuchimbika, na tunajua sababu: miti imeisha kwa mkaa, kuni na viwanja.

Sasa kuna wazo linalozungumzwa sana, kwamba tuzuie mmomonyoko kwa bakteria wa udongo. Anayetajwa zaidi ni *Sporosarcina pasteurii*. Akipewa urea na kalsiamu anatengeneza chokaa, na chokaa ile inashikanisha chembe za mchanga hadi juu panakuwa na ukoko mgumu. Sibishi kwamba inafanya kazi, majaribio yapo. Ninachopinga ni kuileta kwenye milima inayomwaga maji yake Ziwa Victoria.

Naomba tupige hesabu. Udongo wa juu wa hekta moja, unene wa sentimita moja, una uzito wa kama tani 150. Tukitaka chokaa iwe asilimia moja tu ya udongo huo, ni kilo 1,500. Chokaa kilo 100 inahitaji urea kilo 60. Hekta moja basi inakula kilo 900, mifuko 18 ya kilo 50. Mkulima wa Misungwi kupata mfuko mmoja wa kukuzia mahindi ni shughuli, halafu sisi tumwage 18 kwenye mlima usiolimwa!

Na nitrojeni iliyokuwa kwenye urea haiondoki. Inabaki kama amonia, kilo zaidi ya 400 kwa hekta hiyo moja, pamoja na kloridi iliyokuja na kalsiamu. Mvua ikinyesha vinateremka. Ziwa hili tayari limeelemewa na rutuba: magugu maji na ule mwani wa kijani unaoganda pembeni tunauona wote. Tutakuwa tumeokoa mlima kwa kuulisha mwani.

Karibuni, kwa hoja.

Mvuvi, Igombe

Naunga mkono hoja. Magugu yakiziba mwalo, mtumbwi hautoki, na siku hiyo nyumbani hakuna kitu. Anayetaka kumwaga mbolea mlimani aje kwanza atuulize sisi wa huku chini.

Bwana misitu mstaafu, Sengerema

Mkuu mleta mada, hesabu yako ni sahihi kwa njia hiyo moja, lakini umeacha nusu ya habari. Udongo unaomomonyoka nao unabeba fosfati, na fosfati ni chakula cha mwani vilevile. Kutofanya kitu si salama kwa ziwa.

Pili, bakteria si huyo wa urea peke yake. Wapo wanaotoa ute unaogandisha udongo bila chokaa yoyote. Wapo sianobakteria, wanaotumia jua kama mimea na kufanya utando juu ya ardhi tupu. China wamewatumia kutuliza mchanga wa jangwani. Hao hawahitaji mifuko 18.

Tatu, nimeshika majembe kwenye luseni, huu mchanga wetu wa miteremkoni unaotokana na mawe ya matale. Unapanda miche, mvua ya kwanza inaondoka na udongo na miche yenyewe. Unabaki na mizizi inaning'inia hewani. Kitu cha kushika ardhi hata msimu mmoja tu, nyasi zipate kuota, kina thamani kubwa.

Mama wa Igogo

Mimi naishi mlimani na mchanga unaingia hadi ndani. Swali langu ni moja. Huo ukoko ukiwa mgumu, maji yatapenya ardhini au yatateremka kwa kasi zaidi kuja kwangu?

Mleta mada, Nyamagana

Mama, umegusa penyewe. Ukoko mzito unapunguza maji yanayozama, na mbegu ndogo zinashindwa kuutoboa. Ukiwa mwepesi, maji yanapita. Tatizo ni kuupima sawasawa kwenye mlima wenye mawe, vichaka na njia za mbuzi. Kwenye sufuria ya maabara ni rahisi, Igogo si rahisi.

Bwana misitu, shikamoo. La fosfati nalikubali, na sianobakteria siwapingi; wajaribiwe hata kesho, mradi wachukuliwe kwenye udongo wa hapahapa. Lakini utando ule ni laini. Ng'ombe wakipita mara mbili umekwisha. Kwa hiyo hata dawa yako inadai mlima ufungwe kwanza, na ukishaufunga umefanya kazi kubwa kuliko bakteria wote.

Tuna ushahidi wa jirani. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulianza mwaka 1986, na nguzo yake ilikuwa ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kutenga eneo la malisho lipumzike. Visiki vilichipua vyenyewe, migunga ikarudi. Migunga ni jamii ya mikunde: bakteria wamo tayari kwenye vinundu vya mizizi yake, wanachukua nitrojeni kutoka hewani na kuilisha miti. Hakuna aliyewanunua.

Bwana misitu mstaafu, Sengerema

Marahaba. Ngitili inategemea visiki na mbegu zilizobaki ardhini. Penye korongo la kimo cha mtu, visiki vyenyewe vilishang'oka. Hapo utasubiri nini?

Mleta mada, Nyamagana

Hapo naafiki tujaribu, mzee wangu, kwenye korongo moja, kwa bakteria wasiotumia urea, na matuta ya mawe yatangulie. Maji ya chini yapimwe amonia na fosfati kabla ya mvua na baada yake, majibu yabandikwe ofisi ya mtaa yasomwe na kila mtu, na mvuvi wa Igombe awemo kwenye kamati. Urea isimwagwe mlimani. Kwenye hilo sirudi nyuma.