Mrejesho: ile adungu ya marehemu rafiki yangu

Wapendwa, niliwauliza adungu (kinubi chetu cha nyuzi) ya rafiki yangu tuliyekua naye Nebbi, kaskazini-magharibi mwa Uganda, toka utotoni tuifanyeje baada ya mazishi, maana ilibaki ukutani ngozi imepasuka na nyuzi zingine hazipo, baadhi yenu mkasema iwekwe tu kama kumbukumbu, wengine mkasema ipigwe. Basi tumeifufua!

Fundi mmoja mzee alibandua ngozi ya zamani, akaloweka ngozi mpya ya ng'ombe mpaka ikalainika, akaivuta juu ya mti ule uliochongwa akaishona ingali mbichi, ikikauka juani inajikaza yenyewe hadi ukiigonga inalia. Nyuzi tumeweka za nailoni, zile za kuvulia samaki. Kwenye shingo vile vigingi vya kukazia nyuzi nilikataa visibadilishwe, vimelainika kwa vidole vya marehemu jamani.

Huyu rafiki yangu harusi ya maskini alipiga bure, na msibani watu walikuwa wanalia wakimsikia halafu baadaye wanacheka. Sijaona mwingine.

Sasa mwanae wa mwisho anaipiga kanisani na vijana wenzake, wana adungu ndogo za sauti ya juu na ile kubwa ya besi inayokaa chini. Shemeji, mjane wake, amesema nyumba ilikuwa kimya mno, siku hizi kijana akifanya mazoezi jioni majirani wanakuja kukaa uani.

Asanteni sana mliosema ipigwe, na wewe uliyenikataza kuweka turubai badala ya ngozi, Mungu akubariki.