Naomba ushauri: mjadala wa wazi chuoni, watu hawafunguki

Habari zenu wakuu. Naratibu mjadala wa wanafunzi chuoni kwetu. Kila wiki tunachukua suala moja linalovuma. Shida ni kwamba wanaongea walewale watatu, wengine wameinamia simu. Kikao kikiisha tu, ubishi unawaka koridoni! Siku ya mada ya ada ndiyo nilichoka kabisa: mhadhiri alikaa kiti cha mbele, ukumbi mzima kimya.

Nimejaribu maswali ya vikaratasi bila majina (yalikuja mengi, makali kweli), pia kuwagawa wannewanne kabla ya kikao cha pamoja. Hilo la pili limesaidia kidogo.

Naombeni mnisaidie: wahadhiri tuwaalike, au wakae pembeni kwanza? Na anayekatiza wenzake mnamtulizaje bila kumfukuza?