Jina la sekondari mpya ya kata: tunataka libebe historia ya mahali, tuanzie wapi?

Mwaloni_Magu:
Wakuu, habari za kazi. Kata yetu iko kando ya ziwa, wilaya ya Magu, na sekondari ya pili sasa inapauliwa. Jina la kata lilishachukuliwa na shule ya kwanza. Mezani kuna mapendekezo matatu: jina la mtemi (chifu wa jadi) wa zamani, jina la mwalo (mahali mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga) wa jirani, na jina la jiwe kubwa lililo juu ya kiwanja. Wazee wengi wanataka la mtemi. Utaratibu ukoje, na mwisho wa kubadilisha jina ni lini?

Karani wa Kijiji:
Mkuu, malizeni suala la jina kabla fomu za usajili hazijatoka mikononi mwenu. Shule ikishasajiliwa na Kamishna wa Elimu, jina linaingia kwenye mhuri, akaunti ya benki, kituo cha mtihani na mwishowe cheti cha mtoto. Kulibadilisha baadaye ni kuvifuata vyote hivyo kimoja kimoja.

Jina lipitie mkutano mkuu wa kijiji. Kamati ya ujenzi isiamue peke yake. Kama shule itahudumia vijiji vinne, vyote vinne viitishe mkutano. Muhtasari utaje jina herufi kwa herufi, maana yake kwa sentensi mbili, kura za kila pendekezo, na uambatane na mahudhurio yenye sahihi. Kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha halmashauri. Panapoharibika ni kwenye tahajia: muhtasari una "Ng'wa", fomu ina "Mwa", na mchonga mhuri naye kaandika alivyosikia.

Kabla ya kura, litafuteni jina kwenye matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani) mtandaoni. Muungano, Azimio na Nyanza zimeshatumika mno.

Jiwe la Ziwa:
Kuhusu mtemi, nendeni polepole. Utawala wa watemi ulifutwa 1963, na mipaka yao haikuwa ya kata za leo. Kata moja ya ufukweni inaweza kuwa na watu wa tawala mbili za watemi zilizowahi kugombana, pamoja na Wakerewe, Wajita na Wazinza waliofuata samaki. Jina la mtemi mmoja litamfurahisha nani, na nani atanyamaza tu mkutanoni? Tena jina la kitemi huweza kurudiwa na wajukuu, kwa hiyo muwe na uhakika ni mtemi yupi hasa. Ukoo wake nao ukubali kwa maandishi.

Wahojini wazee sita hadi wanane wa koo tofauti, kila mmoja peke yake. Wakikaa pamoja, mmoja ataongea na wengine wataitikia. Akina mama walioolewa kutoka vijiji vya jirani ni hazina kubwa, maana wanajua upande wa pili ulipaitaje mahali hapo. Ulizeni: nani alipaita hivyo, kabla yake paliitwaje, na nani hapapendi kuitwa hivyo, kwa nini? Swali hilo la mwisho msiliache hata kidogo.

Kisha linganisheni na ramani ya serikali ya kipimo cha 1:50,000, makumbusho ya Wasukuma ya Bujora pale Kisesa, daftari za parokia ya zamani, na Vitabu vya Wilaya vya enzi ya Mwingereza vilivyohifadhiwa Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Vitabu hivyo vimejaa nasaba za watemi. Mvuvi na mkulima wa kawaida humo humpati kirahisi.

Nyegezi Juu:
Mimi naunga mkono mwalo, ila chunguzeni kilichopita hapo. Kageye, huko huko Magu, ilipitisha watumwa. Mvumbuzi Mzungu Henry Stanley alipiga kambi pale 1875, na leo yeye ndiye anayetajwa kwanza. Jina la mahali kama hapo linafaa shule, mradi maelezo ya ukutani yaanze na waliofungwa.

Tazameni pia Saanane, kisiwa cha pale Mwanza. Kisiwa kinabeba jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyeishi pale, na jina hilo limebaki hata kilipokuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013.

Mwaloni_Magu:
Asanteni sana. Jina la jiwe linaanza na Ng'w. Tuliache hivyo?

Karani wa Kijiji:
Liacheni, kama ndivyo wenyeji wanavyotamka. Mwanza yenyewe kwa Kisukuma ni Ng'wanza, na Ukerewe kwa wenyewe ni Bukerebe; wageni ndio waliozigeuza. Tatizo ni ile alama ya ng'. Kompyuta nyingine huidondosha, na "Ngw" si sauti hiyo. Kwa hiyo ingizeni jina kwenye fomu wenyewe, chapisheni nakala, mzee mmoja alisome kwa sauti mbele ya mtendaji, ndipo isainiwe. Mchonga mhuri na mwandika kibao wapewe nakala hiyo hiyo. Wasiandike kwa kusikia kwenye simu.

Jiwe la Ziwa:
Na lile jiwe lisipasuliwe kokoto za msingi. Wekeni katazo hilo kwenye muhtasari huo huo wa jina.