Detekta ya chuma inalia ovyo ufukweni Malindi: kosa la mashine au la mchanga?

Msaka_Pete

Hamjambo nyote. Nina detekta ya mtumba, ya masafa mamoja ya kilohezi 13, koili (ile sahani ya chini inayonusa chuma) ya aina ya DD ya inchi 11, betri nne za AA, na kitufe cha kurekebisha ardhi kwa mkono, yaani kuifanya mashine isilie kwa madini ya ardhini. Ni ya kutafutia pete, herini na funguo zinazodondoka ufukweni, kuanzia Silversands kwenda juu hadi upande wa mto Sabaki.

Mashine haitulii. Uani nyumbani inatoa milio ya kukatikakatika hata ikiwa imelazwa. Kwenye mchanga mkavu inajikaza, ila kila mkono ukifika mwisho wa kufagia (kupitisha koili kushoto na kulia), inapiga mlio. Nikiteremka kwenye mchanga uliolowa ni kelele mfululizo na namba kwenye kioo zinarukaruka. Sensitiviti nimeipandisha hadi mwisho ili ifike chini zaidi.

Nimeambiwa koili imekufa ninunue nyingine, na bei yake ni karibu nusu ya bei ya mashine nzima. Nitahakikisha vipi kabla ya kutoa pesa?

FundiRedio_Shella

Kaka, pesa yako iache mfukoni kwanza. Umetaja dalili tatu, na si lazima ziwe na chanzo kimoja. Mashine hizi zina koili mbili ndani ya sahani ile moja: moja inatuma, nyingine inasikiliza, na zimepangwa ili inayosikiliza isisikie chochote mpaka chuma kipite. Kitu chochote kinachovuruga utulivu huo kitasikika kama chuma, kiwe umeme wa jirani, chumvi, au waya wako mwenyewe unaochezacheza.

Anza na koili isiyosogea. Iweke juu ya kiti cha plastiki nje, mbali na ukuta na sakafu yenye nondo, simu uizime kabisa wala usiiache mfukoni. Washa mashine na usiiguse. Ikilia hivyo ilivyo, ardhi haihusiki. Hapo ishike koili wima, ujizungushe polepole kama mtu anayetafuta stesheni kwa redio ya zamani. Kelele ikipanda ukielekea upande fulani na kushuka ukigeuka, chanzo kiko nje ya mashine: transfoma, inveta ya sola, taa za LED za bei rahisi, uzio wa umeme wa hoteli, au detekta nyingine iliyo karibu. Teremsha sensitiviti hadi nusu. Kama mashine yako ina njia ya kusogeza masafa kidogo, jaribu kila moja mpaka upate iliyo kimya. Kisha zima meni swichi ya nyumba ujaribu tena. Uani mwako nadhani tatizo ni hilo tu.

Ikikaa kimya kwenye kiti, usiinue koili. Tikisa waya kwa kidole, kwanza pale unapoingia kwenye koili, halafu katikati, halafu kwenye plagi. Panapotoa mlio, weka alama kwa kalamu.

Hiyo ya kupiga mwisho wa kufagia ina sababu zake za kawaida. Wengi hunyanyua koili bila kujua mkono unapofika pembeni, na ardhi ikiwa na madini mashine inasoma ule mpando. Ya pili ni waya uliolegea: acha kitanzi kidogo tu juu ya koili ili iweze kuinama, kisha uzungushe waya kwenye mpini ukiwa umekaza hadi juu, na ufunge kwa mikanda ya kitambaa. Waya unaopigapiga karibu na koili ni shaba inayotembea mbele ya masikio ya mashine. Ya tatu, na kwa mashine za mtumba naiangalia mapema: boliti inayoshika koili. Ya asili ni ya plastiki. Ikipotea watu huweka ya chuma kutoka hadiwea. Chuma kilichotulia mashine hukizoea, lakini mpini ukijikunja mwisho wa kufagia, boliti inasogea kidogo na mlio unatoka.

Bamvua

Fundi amemaliza ya mashine. Mimi niseme ya mchanga, maana hapo kwenye kulowa huenda mashine haina kosa lolote.

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila kilo, na chumvi ikishayeyuka maji hupitisha umeme. Koili ikipita juu ya mchanga uliolowa, mchanga wenyewe unajibu kama chuma dhaifu. Jibu lake linaangukia palepale zinapoangukia foili ya sigara na pete nyembamba ya dhahabu. Ndiyo maana ukiifuta chumvi kwa kitufe cha kuchagua vyuma, pete ndogo nazo zinafutika.

Sasa ongeza mchanga mweusi. Kuanzia mdomo wa Sabaki kwenda Mambrui na Ngomeni kuna mchanga mzito wenye magnetiti na ilmeniti (madini yenye chuma), na baadhi unaweza kuuona ukiwa umejipanga kwa mistari myeusi pale mawimbi yanapoishia. Chukua sumaku, itie ndani ya mfuko wa plastiki, iburure mchangani. Ukipata ndevu nyeusi, hiyo ni magnetiti. Jibu lake liko upande mwingine kabisa na la chumvi. Mashine ya masafa mamoja ina marekebisho mamoja ya ardhi: ukiisawazisha na chumvi, mchanga mweusi unalia, ukiisawazisha na mchanga mweusi, chumvi inalia. Penye vyote viwili hakuna namba itakayokutuliza, na koili mpya haitabadilisha kitu.

Silversands hali ni nafuu zaidi. Fanya hivi:

Teremsha sensitiviti hadi nusu, hata chini ya nusu. Najua inauma, lakini mashine iliyo juu kabisa inayopiga kelele haifiki chini kama iliyo nusu na imetulia, kwa sababu mlio wa pete unamezwa na kelele.

Simama kwenye mchanga uliolowa usio na chuma. Inua na kuteremsha koili kati ya sentimita 3 na 20 juu ya mchanga, ukigeuza kitufe cha ardhi mpaka mlio wa kushuka na wa kupanda uwe sawa au upotee. Ukipanda kwenye mkavu, rudia. Ukirudi kwenye majimaji, rudia tena. Marekebisho ya mkavu hayafai kwenye maji.

Fagia sambamba na ukingo wa maji, usiende kutoka juu kuelekea baharini. Ukikata kwenda baharini, kila hatua unyevu unabadilika na mashine inayasoma mabadiliko hayo kama chuma. Polepole, koili ikiwa sentimita 2 au 3 juu ya mchanga, kimo kilekile kushoto na kulia. Wimbi likikufikia, simama lirudi.

Siku za bamvua maji yakipwa yanaacha eneo pana sana lililolowa, na watu hukimbilia chini kabisa. Kwa mashine yako nakushauri ubaki juu, kwenye ukanda ambao umepata kukauka kidogo. Pete nyingi hupotea hapo kwenye mataulo na viti, si majini.

Halafu kabla ya kutoka nyumbani, zika pete ya shaba au ya dhahabu ya bei ndogo sentimita 10 kwenda chini, ndani ya chupa ya plastiki ili usiipoteze. Marekebisho yoyote yasiyoweza kuisikia hiyo, yaache.

UmmuHafsa

Hamjagusa kava ya koili. Ile sahani ya plastiki ya kukinga inashika mchanga na maji ya chumvi katikati, na kila ukifagia yanatembea huku na huku. Kelele yake inafanana kabisa na koili iliyokufa, ndugu zangu. Ivue, osha pande zote kwa maji baridi ya bomba, kausha, rudisha. Fanya hivyo kila ukitoka baharini. Sanduku la juu lenyewe, kama hujui kwa hakika kwamba linazuia maji, lifute kwa kitambaa chenye unyevu tu.

Na betri. Za kaboni za bei rahisi zinashuka volti mara tu mashine inapovuta umeme, na mashine inaanza kulalama. Pima zikiwa ndani na mashine imewaka. Alkalini ikifika karibu volti 1.1 kwa kila moja, badilisha zote nne pamoja. Za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo nne zinatoa 4.8 badala ya 6. Mashine nyingi zinakubali, ila alama ya betri itaonyesha zimepungua hata kama umezichaji sasa hivi. Springi zikiwa na kutu ya kijani, piga msasa laini.

Msaka_Pete

Shukrani. Majibu ya vipimo: kwenye kiti, meni swichi ikiwa imewashwa inalia, ikizimwa kimya. Inveta ya sola iko ukuta wa pili. Boliti kweli ni ya chuma, imekuja nayo hivyo. Kava ilikuwa na mchanga wa kutosha kupandia mchicha. Nimeosha, na kwenye mkavu imetulia.

Lakini waya nikiutikisa karibu na plagi bado inapiga. Upande wa koili hakuna kitu. Pini zina weusi.

FundiRedio_Shella

Una bahati, upande wa plagi unatengenezeka. Ungekuwa upande wa koili ningekwambia kanunue, kwa kuwa ndani kumejaa epoksi, na nyaya zikisogea hata kidogo ule utulivu kati ya koili mbili umeharibika na hutaurudisha kwa mkono.

Zima mashine, chomoa plagi. Safisha pini kwa spiriti na mswaki wa zamani, upande wa sanduku pia, acha ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Chumvi ikikaa kati ya pini mbili inapitisha umeme kidogo, na kwa mashine inayosikiliza ishara ndogo hivyo, kidogo hicho kinatosha. Jaribu tena. Mara nyingi inaishia hapo.

Ikiendelea, weka maltimita kwenye omu. Pima jozi za pini mpaka upate mbili zinazotoa namba: moja ni ya koili ya kutuma, moja ya kusikiliza. Namba zenyewe hutofautiana kwa kila modeli, usizifuate za mtu mtandaoni. Unachotaka ni iwe imara. Pinda waya karibu na plagi ukiangalia kioo. Ikiruka au ikipotea, uzi umekatika ndani ya mpira. Piga picha plagi ikiwa wazi ili ujue kila rangi inakaa wapi, kata sentimita 4 au 5, vua mpira, chomea upya kwa risasi. Usikate zaidi ya hapo, kwa sababu koili imepimwa kiwandani pamoja na urefu wa waya wake.

Kitu kimoja mafundi wa spika hukisahau: ule wavu wa nyuzi unaozunguka waya nao lazima urudi kwenye pini yake. Ukiuacha wazi, mashine italia kila ukishika waya, na utarudi hapa kulaumu mchanga wa Bamvua.

Ukimaliza, paka pini grisi kidogo ya silikoni. Boliti ya plastiki utaipata kwa wanaouza vipuri vya matanki ya choo, beba ya zamani ukapime unene.

Msaka_Pete

Nitafanya kesho. Swali moja: nikitaka kufanya kazi karibu na Sabaki penye mchanga mweusi uliolowa, ninunue aina gani?

Bamvua

Ya masafa mengi kwa wakati mmoja, kwa sababu inalinganisha majibu ya masafa tofauti na kutoa chumvi na ardhi kwa pamoja. Ya pulsi inavumilia zaidi hata ya hiyo: inatuma pigo, inasubiri kidogo, ndipo inasikiliza, na jibu la chumvi huwa limeshakufa. Lakini nyingi za pulsi hazitofautishi chuma na dhahabu. Utachimba misumari na vizibo vya soda hadi mgongo uume. Kwa pete za ufukweni ningechukua ya masafa mengi.

Na ukifika Mambrui usichimbe penye magofu wala karibu nayo. Ni eneo la akiolojia. Sarafu ya Kichina ya enzi ya mfalme Yongle ilichimbuliwa huko mwaka 2010. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inataka kibali cha kuchimba, na kitu cha kale ukikikuta lazima ukitolee taarifa. Ndani ya hifadhi ya bahari kusini ya mji pia usiingie na mashine bila kuwauliza walinzi wa wanyamapori.